Harusi ya Wifi na Sauti Iliyochelewa

Kibao kilichokuwa juu ya mlango wake kiliandikwa na mchoraji ambaye hakupenda maelezo marefu: MIKANDA YA KILA AINA HUBADILISHWA HAPA. Kwa hiyo, tangu wiki ya kwanza, madereva walimletea mikanda ya feni iliyokatika, wanaume wanene wakamletea mikanda ya suruali iliyowashinda, na mwalimu mmoja akaacha saa yake ya mkononi pale kaunta bila hata kuuliza. Mwenye mlango huo alikuwa mwanamke, fundi wa mikanda ya video. Kazi yake ilikuwa kuchukua picha zilizopigwa kwa mfumo wa nchi moja na kuzigeuza ziweze kuonekana kwenye runinga za nchi nyingine. Alieleza hivyo mara nyingi, akachoka, akaanza kuuza na mikanda ya suruali. Watu wakamwita Mama Mikanda, na jina likamkaa.

Ufundi aliupata kwa mpiga picha mmoja aliyemwajiri kufagia studio. Siku moja deki ilimeza mkanda wa mteja, mpiga picha akashika kichwa, na yule mfagiaji akachukua bisibisi akaufungua mdomo wa deki kama anayemtoa mtoto mbegu kooni. Tangu siku hiyo ufagio akapewa mwingine. Alipoolewa na seremala, mumewe alimtengenezea meza ndefu kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, wakapanga pale deki mbili, runinga moja, kamera kuukuu na kompyuta yenye kelele za mashine ya kusaga. Katika nyumba hiyohiyo waliishi na mama mkwe wake, mama wa seremala, mwanamke mcheshi mwenye maneno mengi. Maneno ya mama huyo yalikuwa kama makapi kwenye ungo: akishayapeperusha, hakujua yameangukia wapi, wala hakurudi kuyatafuta.

Sasa mama mkwe alikuwa na binti mmoja, wifi yake Mama Mikanda, aliyeolewa ng'ambo na kijana wa huku aliyehamia kule. Harusi ilifanyika hukohuko. Mama mkwe alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akakaa meza kuu, akarudi na hadithi za miezi. Mwishowe ukafika mkanda wenyewe, umefungwa ndani ya soksi tatu usivunjike. Ukiutia kwenye deki ya huku, unaona mistari ya kijivu na kivuli kinachorukaruka, maana ulikuwa wa mfumo wa kule. Mama mkwe akamkabidhi mkwewe akisema kwamba kama kusomea mikanda kuna faida, ionekane sasa.

Mama Mikanda akauhamisha kwenye kompyuta, akaubadilisha, akautia kwenye diski. Alitazama dakika za mwanzo, akaona picha safi na sauti safi, akaridhika. Jumapili mchana ukoo ukajaa sebuleni. Baba mdogo, yaani mdogo wa marehemu baba mkwe na msemaji wa ukoo kwa kujiteua mwenyewe, alipewa kiti chenye mikono. Mama mkwe alikaa mbele kabisa akawa anatangulia kueleza kila kitu kabla hakijatokea.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Lakini kadiri mkanda ulivyosonga, ndivyo Mama Mikanda alivyoanza kutokwa na jasho mgongoni. Bwana harusi alifumba mdomo, kisha ndipo likasikika neno "nimekubali". Wanakwaya walikaa chini, wakapangusa nyuso, na wimbo ukaendelea bila wao. Watu walicheka kwanza, kisha kichekesho kikafuata. Picha ilikuwa imeitangulia sauti kama mume anayetembea mikono mitupu, na mkewe yuko nyuma huko amebeba mizigo.

Jamaa hawakuona kasoro. Mtu mmoja alipouliza mbona midomo na maneno havipatani, baba mdogo alimjibu kwa upole kwamba nchi ile ni mbali sana, lazima sauti ichelewe kufika. Wote wakaitikia kwa vichwa.

Ndipo wakafika kwenye karamu. Mpiga picha alikuwa ameisogelea meza kuu, akawa anapitisha kamera polepole, sura moja baada ya nyingine. Akampita mama mkwe, akafika kwa shangazi wa bwana harusi, mwanamke mnene mwenye hereni kubwa aliyekuwa anaupanua mdomo kusema jambo. Na hapohapo ukasikika mnong'ono, wazi kabisa:

"Ndoa imeshafungwa. Sura atazoea."

Halafu ukumbini kwenye mkanda watu wakapiga makofi. Sebuleni hakuna aliyepiga.

Kila mtu alielewa jambo moja. Shangazi wa bwana harusi amemtazama bibi harusi, binti yao, siku ya harusi yake, akasema mpwa wake ataizoea sura ile. Mama mkwe aliisogelea runinga. Alisema alikuwa amekaa ubavuni mwa mama yule na hakukumbuka kusikia kitu kama hicho. Akaomba kipande kile kirudishwe. Kikarudishwa, wote wakaona mdomo wa shangazi ukifunguka na maneno yakitoka. Mnong'ono hauna mwenyewe ila yule unayemwona anafungua mdomo, na mtu akishaona kwa macho yake, kumbukumbu hukaa pembeni. Mama mkwe akawasha moto. Alisema alimwazima mwanamke yule leso yake. Alisema binti yake ana sura ya kutundikwa ukutani.

Kilichozidisha mambo ni kwamba shangazi huyohuyo alikuwa njiani. Alikuwa anakuja huku kutembea, na alishatuma salamu kwamba angepita kuwaona wakwe. Baba mdogo akatangaza kwamba mgeni hafukuzwi, lakini atapewa chai na kimya, na baada ya chai yeye mwenyewe angesimama kusema mawili matatu. Akaanza kuyaandaa mawili matatu hayo, na kwa siku kadhaa alionekana akizungumza na ukuta.

Mama Mikanda alikuwa na uchungu wake peke yake. Mnong'ono haukumsumbua kama ile kwaya iliyoimba imefumba midomo. Aliona aibu kama mpishi aliyepakua ubwabwa wenye mawe halafu wageni wakausifu. Asubuhi iliyofuata akaifungua kazi upya.

Hakuchukua muda kuliona kosa. Runinga za kule hupitisha picha thelathini kwa sekunde moja, za huku ishirini na tano, na hilo alilijua tangu enzi za ufagio. Alichosahau ni kwamba thelathini ya kule si thelathini kamili. Imepungua kiasi cha unywele. Yeye aliiambia kompyuta thelathini kamili, nayo kompyuta, kwa utii wake, ikaikimbiza picha kwa huo unywele na kuiacha sauti itembee mwendo wake. Kwa dakika moja hakuna jicho linaloona. Kwa saa nzima, unywele umeshakuwa msuko.

Akairekebisha hesabu, akaubadilisha mkanda upya wote, kisha akaanza kuupima. Alimtafuta mzee aliyegonga glasi kwa kijiko kuomba utulivu. Kijiko kilipogusa, glasi ikalia papo hapo. Alitafuta makofi, akatafuta kisu cha keki. Kila sauti ilikuwa imerudi nyumbani kwake. Akafika meza kuu. Kamera ikapita kwa mama mkwe wake, akiwa ameinama kidogo kuelekea kwa jirani yake, na midomo ya mama mkwe wake, ile anayoiona kila asubuhi ikinywa chai, ikasema:

"Ndoa imeshafungwa. Sura atazoea."

Mama Mikanda akarudisha nyuma. Akatazama tena. Akainuka akafunga mlango, ingawa kulikuwa na mteja nje ameshika mkanda wa feni.

Kumbe "atazoea" alikuwa binti. Na sura ilikuwa ya bwana harusi, kijana mwema, msomi, ambaye kwa kweli Mungu alipompa masikio alimpa na ya akiba.

Kwanza alimwambia mumewe. Seremala aliiweka randa chini, akauliza kama kompyuta haiwezi kukosea. Mkewe akamjibu kwamba ilikosea mara ya kwanza, na sasa imepatia. Seremala akasema basi yeye hajaona kitu, akaichukua randa, akaupiga ule ubao hadi ukafaa kuwa rula.

Ikabidi amwite mama mkwe mwenyewe. Alimkalisha kwenye kiti cha wateja, akamwomba atazame tu. Mama mkwe akatazama.

"Rudisha," akasema.

Akarudisha.

"Rudisha tena."

Baada ya mara ya tatu mama mkwe alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa. Kisha akasema taratibu kwamba diski ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi. Mama Mikanda akamweleza kwamba ile ya kwanza ilikuwa na kosa la kiasi cha unywele.

"Kosa dogo, mwanangu. Unywele, si ulisema unywele?"

"Mama, sauti nimeirudisha kwa mwenyewe."

"Na nani alikutuma?" Akafikiri. "Huwezi kumpa mpiga picha? Yeye hata haonekani."

Mama Mikanda alitamani kucheka, lakini mbele ya mama mkwe mtu hucheka kwa kibali. Alisema hataionyesha diski mpya kwa yeyote mpaka mama mwenyewe aseme. Mama mkwe akashukuru, akainuka, na mlangoni akageuka kusema kwamba kijana yule ana moyo mzuri sana, na hilo pia alilisema siku ile, ila mpiga picha alikuwa hajafika.

Kuanzia hapo ukoo haukumwelewa. Yule aliyewasha moto sasa alitembea na ndoo ya maji. Alisema mgeni ni mgeni, ulimi hauna mfupa, harusini watu husema mengi. Alimwendea baba mdogo kumshauri ayaache yale mawili matatu. Baba mdogo, ambaye mawili matatu yake yalikuwa yamefika kumi na yalikuwa na methali ndani yake, alimwambia shemeji yake kwamba ana huruma kupita kiasi, na hiyo ndiyo sababu watu wanamwonea.

Shangazi akafika Jumamosi, na hereni zake, na mzigo wa zawadi. Alipewa chai. Alipewa kimya. Hakukiona hicho kimya, maana alikijaza mwenyewe kwa habari za safari. Mama mkwe alikuwa amekaa karibu na mlango, kama mtu anayesubiri kuitwa nje. Baba mdogo akaweka kikombe, akasimama, akakohoa. Akazungumzia undugu. Akazungumzia kwamba jeraha la panga hupona na la neno hubaki. Kisha akasema kwamba wao kama ukoo walisikia kwa masikio yao, kwenye mkanda wa harusi, mtu akinong'ona hivi: ndoa imeshafungwa, sura atazoea.

Shangazi aliangua kicheko hadi chai ikamwagika kwenye sahani. Akainuka, akavuka sebule, akakaa ubavuni mwa mama mkwe na kumpiga paja.

"Kumbe na huku mmeisikia," alisema. "Wewe mama, umetuua mbavu."

Baba mdogo alibaki amesimama, kidole kikiwa hewani. Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, hata Mama Mikanda na ufundi wake wote, ni kwamba mkanda ule kwa runinga za kule haukuwa na kosa lolote. Kule haukuhitaji kubadilishwa. Wenzao waliutazama siku nyingi zilizopita, na kila neno lilitoka kwenye mdomo wake. Shangazi alieleza kwamba kipande kile wamekirudia hata mkanda umeanza kuchoka pale. Bwana harusi mwenyewe, akinyoa ndevu asubuhi, humuuliza mkewe kama ameshaizoea, naye humjibu bado kidogo.

"Na mimi nilikujibu nini pale?" shangazi akamuuliza mama mkwe. "Makofi ndiyo yalinifunika. Nilikwambia usijali, dada, hata sisi ilituchukua muda."

Macho yote yakamgeukia mama mkwe. Hakuinamisha kichwa. Alikusanya kanga yake, akasema kwa heshima yake yote:

"Nilisema atazoea. Hakuzoea?"

Hapo sebule ikapasuka. Hata seremala, aliyekuwa hajaona kitu, alilazimika kutoka nje akapumue. Baba mdogo ndiye peke yake aliyetaka ushahidi. Mama Mikanda akamtazama mama mkwe, mama mkwe akapunga mkono kwamba potelea mbali, na diski mpya ikawekwa. Baba mdogo alisogeza kiti hadi pua yake ikakaribia kioo. Alipoona, akasema kwamba hotuba yake bado ilikuwa na maneno mazuri upande wa undugu, na angeomba kuimalizia. Akaruhusiwa. Ilikuwa ndefu.

Shangazi alikuwa amepanga kukaa mchana mmoja, akakaa hadi Jumatano. Yeye na mama mkwe walikaa mbele ya runinga wakiipitia meza kuu mgeni mmoja baada ya mwingine, wakisema juu ya kila sura mambo ambayo kwa bahati hakukuwa na kamera ya kuyanasa.

Siku ya kuondoka akaomba nakala. Alisema ule mkanda wao umechakaa pale panapopendwa, na zaidi ya hayo mpwa wake angependa kukiona kicheko cha wakwe, ambacho Mama Mikanda alikuwa amekirekodi Jumamosi ile kwa kamera ya dukani bila kumwambia mtu hadi siku hiyo. Diski za huku hazingeonekana kule. Ikabidi zigeuzwe zirudi mfumo wa kule, unywele na vyote. Mama Mikanda akafunga duka mchana mzima, akakaa kwenye kiti cha wateja na glasi ya maji, akaitazama kazi yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, mdomo kwa mdomo.