Tofu Aliyotupikia Selemani Alipotoka Burma

Juzi nimelia mbele ya wajukuu kwa sababu ya tofu.

Ndiyo, tofu. Hiyo hiyo mnayoulizana humu kundini kila siku inapikwaje.

Mjukuu wangu ameacha kula nyama, akaja na tofu kwenye paketi kutoka Mbeya. Akaikata, akaitumbukiza kwenye mafuta ikiwa bado na maji yake, ikaanza kurusha mafuta na kubomoka.

Nikamwambia, "Ikamue maji kwanza, mtoto wewe."

Akageuka. "He! Bibi, tofu umeijulia wapi?"

Nikafungua mdomo nimjibu, yakatoka machozi.

Naitwa Kristiana. Nakaribia miaka tisini. Kinachonisumbua ni magoti, kichwa kiko poa kabisa. Hii naisimulia kwa mdomo na simu inaandika yenyewe, kwa hiyo ikikosea msinicheke.

Mimi tofu niliila hapa Sumbawanga, kwetu Kizwite, enzi za Mwingereza. Hata jina lake hatukulijua.

Na aliyeipika alikuwa askari, na aliipika huku analia.

Sikilizeni.

Kaka yangu Zenon alikwenda vita vya Burma pamoja na rafiki yake Selemani. Sisi tulikuwa wakulima, Wakatoliki, watu wa mahindi na ulezi. Kina Selemani walikuwa Waislamu wa mjini, baba yake ana duka. Lakini wale wawili walikuwa hawaachani.

Mama alikuwa na kawaida yake. Selemani akija kwetu, anampa kuku na kisu achinje mwenyewe, ili naye aweze kula. Halafu wote tunakula chungu kimoja.

Walipoondoka kwenda vitani, mama aliweka nadhiri kanisani. Hatatia mdomoni nyama wala samaki mpaka Zenon aingie mlangoni kwake.

Akatenga na jogoo mweupe. "Huyu ni wa Zenon," alisema. "Selemani atamchinja siku watakayorudi."

Tabu ikawa moja. Mama maharage yalikuwa hayamkubali. Akila, tumbo linamsokota mpaka anajikunja chini. Basi ikabaki ugali na majani, mwaka unaingia mwaka unatoka.

Vita ilipoisha, mama alikuwa mifupa mitupu. Akisimama anashika ukuta.

Mganga wa zahanati alimwambia wazi, "Mama, kula nyama, la sivyo utakufa."

"Nitakula Zenon akija," mama akamjibu.

Baba alishatutoka zamani. Nilibaki mimi na mama tu, na niliogopa jamani. Kila asubuhi nilikuwa namsikiliza kwanza kama anapumua.

Ndipo Selemani akarudi. Peke yake.

Mahindi yalikuwa yameshavunwa, mimi nilikuwa uani napukuchua. Nikamwona anakuja anachechemea, koti la jeshi linampwaya. Mama alitoka kwa haraka ambayo sikujua kama bado anayo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzio yuko wapi?"

Selemani alimtazama. Alitazama ile mifupa ya shingo, na mkono ulioshika nguzo ya mlango.

"Yuko nyuma, mama. Wengine bado hawajaruhusiwa."

Mama hakuuliza tena. Nilishangaa sana, maana mimi nilikuwa na maswali mia. Alikamata kuku mmoja, akaleta na kisu kama zamani.

Selemani akashika kile kisu, akakiweka chini.

"Leo sina hamu ya nyama, mama. Wewe unakula nini?"

"Ugali na majani."

Akageuza uso upande wa shamba.

Kesho yake akaja na kitambaa cheupe cha dukani kwao, mafuta ya karanga, na ndimu zilizotoka Ilemba, kule bondeni. Akaniuliza kama tuna soya.

Nikacheka. Bwana shamba alikuwa amegawa mbegu za soya, watu wakapanda, wakachemsha weee, hazilainiki. Wakawapa nguruwe.

"Lete hizo za nguruwe," akasema.

Sasa ninyi mnaoanza, hapa ndipo mtulie.

Tuliziloweka mpaka kesho yake, zikavimba. Nikazisaga kwenye jiwe na maji kidogo kidogo. Akachuja kwa kile kitambaa, ukatoka uji mwembamba mweupe kama maziwa. Akaubandika motoni, akakoroga bila kuondoka, maana ukiupa mgongo unamwagika wote. Ukachemka vizuri, ule ubichi ukaisha.

Akaepua. Akatia maji ya ndimu, akakoroga mara moja tu, akaacha.

Ukaganda mbele ya macho yangu! Mapande meupe, maji yakajitenga. Akayafunga kwenye kitambaa, akalaza jiwe juu.

Wakati wote ule machozi yalikuwa yanamtoka.

"Moshi huu, Kristiana," akaniambia.

Kuni zilikuwa kavu. Lakini mimi mtoto, ningesema nini?

Mama alionja, akatafuna taratibu.

"Haina ladha," akasema.

Selemani akacheka kwa mara ya kwanza tangu arudi. "Yenyewe haina, mama. Ladha unaipa wewe."

Hilo lishikeni. Ndilo kosa lenu wote humu. Mnaila kavu halafu mnalalamika.

Akaikata vipande, akaviloweka kwenye maji ya moto yenye chumvi, akavifuta, akakaanga. Mafuta yalikuwa ya karanga, maana yale ya nguruwe hayakuwafaa wote wawili, mmoja kwa dini na mwingine kwa nadhiri. Nikataka kugeuza mapema, akanishika mkono. "Kiache. Kikiiva upande huo kitabanduka chenyewe."

Mama alimaliza sahani. Tukasubiri tumbo limsokote.

Halikumsokota.

Selemani akawa mtu wa kwetu. Siku hii anapika na vitunguu na nyanya. Siku nyingine anasaga karanga, anaitia tofu kwenye mchuzi wa hizo karanga pamoja na majani ya maboga, na hiyo ndiyo naipenda mpaka leo. Siku nyingine anaivuruga na pilipili, tunaila na ugali. Sisi tuliiita mgando, mgando wa Selemani.

Mama akaanza kurudi mwilini. Akaacha kushika ukuta. Akaenda shambani, akapalilia! Majirani wakaja kuchungulia chungu chetu.

Nilimuuliza Selemani nani alimfundisha. Akasema bibi mmoja kule Burma, kijijini. Akainama kuchochea moto.

Siku moja alikuja kutuonyesha kuikausha juu ya moto, kama tunavyokausha samaki.

"Hii, mama, unaweza kukaa nayo muda mrefu," akasema. "Hata mimi nisipokuwepo, utakuwa na mboga."

Mama akanawa mikono. Akatoka nje.

Akarudi na yule jogoo mweupe. Amembeba mkono mmoja, mkono mwingine kisu.

"Mchinje, mwanangu."

Selemani akasimama. "Mama, huyu si wa Zenon?"

"Ndiye. Mchinje. Amechoka kungoja, na wewe umechoka kubeba."

Nilidhani mama amechanganyikiwa. Nikamtazama Selemani nione atasema nini. Akakaa chini pale pale kwenye majivu.

"Umejua lini, mama?"

"Siku ulipokuja na kile kitambaa." Sauti yake haikutikisika. "Kama Zenon angekuwa njiani, ungeniambia nivumilie kidogo. Wewe ulinifundisha kupika kwa maisha yangu yote."

Selemani alilia kama mtoto. Safari hii hakusingizia moshi.

Akasema yote. Zenon alipigwa risasi ya taya. Nyama ya kopo ya jeshi hakuweza kutafuna, na bibi wa kijiji kile akawa anampikia huo mgando laini, Selemani anamlisha kwa kijiko. Ndicho chakula cha mwisho alichokula kaka yangu. Selemani alimzika kwa mikono yake, na aliwaomba wakubwa wa jeshi wamwachie yeye habari hii ailete kwa mama mwenyewe.

"Nikafika, nikakuona ulivyo," alisema. "Nikikwambia, nilijua unakufa mbele yangu. Nikasema nikulishe kwanza upate nguvu ndipo niseme. Ukapata nguvu, mdomo ukagoma."

"Ndiyo maana nikakaa kimya," mama akasema. "Nilikuona huwezi. Nikala."

Mimi nililia mpaka nikatapika. Kaka yangu nilikuwa namngoja na mimi, jamani. Nilikuwa nimemwekea hadithi zangu zote.

Jogoo alichinjwa. Majirani wakaja kwenye msiba, wakala. Padri akaja, akamwambia mama kwamba nadhiri imekwisha, yuko huru.

Mama akajipakulia mgando.

"Niliahidi mpaka aingie mlangoni," akasema. "Hajaingia."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, aliwabeba watoto wangu na wajukuu wangu wa kwanza. Hakuonja nyama tena mpaka tunamzika. Selemani aliendelea kuja, na kila akija mama alimpa kuku na kisu kama zamani, halafu wanakaa, huyu anakula kuku wake, huyu mgando wake, wanamtaja Zenon na kucheka mambo yake.

Sasa ninyi vijana mnataka siri ya tofu. Kamueni maji, tieni chumvi mapema, msigeuze kwa haraka.

Na lingine nililojifunza siyo la jikoni peke yake. Ukimwona mtu wako anakupikia, anakuhangaikia, halafu macho yake yanakukwepa, usimbane. Kaa, kula. Atasema akiweza.

Ile tofu ya mjukuu wangu ilibomoka yote, na chumvi ilizidi. Nilikula nikafuta sahani kwa kidole.