Siku Niliyokwama Ndani ya Tenga Sokoni Makambako

Afadhali niwaeleze mwenyewe, maana kila mwenye mdomo pale Makambako anakisimulia kisa hiki kwa namna yake na kila kikisimuliwa nazidi kunenepa. Ndiyo, nilikwama ndani ya tenga, mchana kweupe, siku ya gulio, mama mzima mwenye binti aliyekwisha kuposwa.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, malori ya watu binafsi yanapishana Makambako kubeba nyanya kwenda Dar, lakini kwetu kijijini Njombe ruzuku ya mbolea ilikuwa imeondolewa na wajane walikuwa wanavuna mahindi ya kuonea huruma. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepunguzwa kazini, nikawakusanya wale wajane tusuke matenga ya mianzi, tukapatana kwamba faida inunue kwanza mbolea ya wote, hata ya bibi ambaye mikono yake haiwezi tena kusuka. Watu wakatucheka, wakasema mianzi kazi yake ni kugema pombe ya ulanzi.

Basi tukapanda basi, mimi na wifi yangu Tumaini, kwenda sokoni Makambako kumwona Mzee Hamidu, tajiri wa malori. Tenga kubwa lilikataa kupita mlangoni mwa basi, nikasema tuchukue dogo, si la kuonyesha tu? (Hapo ndipo nilipojimaliza.)

Mzee Hamidu alilitazama mara moja. "Mama, matenga ya mianzi nayajua. Yakifika mlima Kitonga yanaachia, nyanya zinakuwa mchuzi. Sitaki."

Akageuka aondoke. Nikawaona moyoni wale wajane wanaotusubiri kijijini, nikapiga kelele, "Mzee, hili linabeba mtu!"

"Mtu gani?"

"Mimi hapa!"

Sasa mnaniona nilivyo, umbo langu si la kuazima gauni la mtu. Nikapanda juu ya kreti, nikajikalisha kwenye tenga, nikashuka vizuri mpaka chini, magoti yakanigusa kidevu, watu wakapiga makofi, nikatabasamu, halafu nikajaribu kutoka. Wapi! Tumaini akavuta mkono huu, kuli akavuta ule, tenga likaja na mimi.

Na katikati ya kuvutwa huko nikasikia, "Kamwene, mama." Nainua macho, mkwe! Baba wa kijana anayemwoa binti yangu, kavua kofia kwa heshima. Nikaitikia "kamwene" humo humo ndani ya tenga, ningefanyaje?

Fundi seremala akaja na msumeno. "Nakata ubavuni tu, mama."

"Thubutu! Tenga letu ni hili moja!"

"Wifi, utalala humo?" Tumaini akauliza, machozi ya kicheko yanamtiririka.

"Nitalala!"

Mzee Hamidu akaamuru nipelekwe kwake, kwa mkewe. Makuli wakapitisha miti miwili, wakaninyanyua mabegani, soko zima likatufuata, na kwenye mteremko kuli wa mbele akateleza, nikabingirika na tenga langu mpaka kwenye lundo la kabichi za watu. Bi Zuhura, mke wa tajiri, akaja mbio na wenzake, wakanizungushia khanga, wakanimiminia mafuta ya alizeti kiunoni, wakavuta, nikachomoka kama mtoto anayezaliwa. Vigelegele!

Nikasimama pale nachuruzika mafuta, sitamani kumwangalia mtu. Mzee Hamidu peke yake hakucheka. Aliligeuza tenga, akalivuta kila upande, akalikanyaga mdomoni.

"Halijaachia hata ufito mmoja," akasema. "Mama, nisukieni matenga kama hili, lori zima. Na msimu ujao tena."

Tumaini akaniruka shingoni na mafuta yangu yote.

Msimu ule hakuna mjane wa kikundi aliyepanda bila mbolea. Mahindi yalisimama mpaka waliotucheka wakaja kuuliza kama kuna nafasi, na tukawapa. Mkwe naye posa hakuivunja, alisema nyumba yenye mama wa namna ile haifi njaa.

Jina la Mama Tenga nimelizoea. Ila niliapa mbele ya wifi yangu, na kiapo sijakivunja: bidhaa nitaisifu mpaka koo likauke, lakini mteja akiuliza kama inabeba mtu, ataingia yeye.