Mkono Kwenye Mbuni wa Mwisho

Wiki iliyopita nilipita Ihembe kumzika jirani yetu wa zamani, nikasema ngoja nikaone kibanja chetu, lile shamba la nyumbani la migomba na kahawa. Si chetu tena, baba mdogo alikiuza miaka mingi iliyopita. Mibuni ya kahawa imeng'olewa yote, pamepandwa maharage. Nilisimama nikitafuta mahali ulipokuwa mbuni wa mwisho, ule wa karibu na njia ya kisimani, na uso ukaniwaka kama vile jambo lile limetokea asubuhi hiyo.

Wewe unajua, rafiki yangu, kwetu mwanaume kumenya ndizi ni kichekesho. Atapanda mgomba, atakata mkungu, ataubeba hadi mlangoni, lakini kisu cha kumenyea ni cha mama na mabinti. Sasa mama alipomfuata baba kaburini, mimi mkubwa niliacha shule darasa la sita, mdogo wangu wa kike akaendelea. Niliamua kwamba akitoka shule asikute kazi ya jikoni inamsubiri. Akute chakula.

Basi nikamenya. Nilimenyea nyuma ya nyumba, nimeipa njia mgongo, masikio yamesimama kama ya sungura. Bado vijana walinigundua. "Shikamoo, mama mwenye nyumba!" walipita wakiimba. "Leo watoto wanakula nini?" Utomvu ulinigandia vidoleni, mweusi. Nilisugua kwa ndimu na majivu, wapi! Nikienda popote nilivaa koti la marehemu baba, hata jua likiwa kali, kwa ajili ya mifuko yake tu.

Mdogo wangu naye alikuwa na aibu yake. Alikuwa kwenye kikundi cha maigizo cha shule, lakini kila igizo alisimama nyuma kabisa, yeye ni mwanakijiji, kazi yake kuitikia na wenzake. Siku moja mwalimu wa maigizo akampa kila mtoto igizo la mtu mmoja: uchague mtu unayemjua, usimame, useme kama yeye, hakuna wa kukujibu. Mdogo wangu alirudi nyumbani anakaribia kulia. Mwalimu alikuwa amewaambia, "Ukiwa na wenzako unajificha nyuma yao. Simama peke yako tujue kama upo."

Tukapanga hivi. Yeye asimame mlangoni pa jiko, mimi nikae na beseni langu kwenye mbuni wa mwisho. Nikimsikia vizuri nainua mkono. Nisipomsikia naendelea kumenya. Siku za mwanzo, nakwambia, nilimaliza mkungu mzima bila kuinua mkono.

Alianza na bibi jirani, aliyekuwa akimgombeza mbuzi wake kama mkwe. Kwanza alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Baadaye akagundua hahitaji kelele. Avute pumzi, afungue mdomo, asimeze mwisho wa neno. Akawa anapita kwa bibi kila jioni kutazama tu anavyojishika kiuno. Na kwa kuwa alikuwa peke yake, hakuwa na wa kumkumbusha maneno. Akisahau, ilimbidi abaki kuwa yule bibi, amkazie mbuzi macho, mpaka maneno yarudi. Hapo ndipo nilipoanza kusahau kisu mkononi. Moshi wa kuni, harufu ya maua ya kahawa baada ya mvua, na mtoto wetu pale mlangoni, amezeeka ghafla.

Ikafika siku ya wazazi. Mwalimu angechagua hapo wa kwenda Kayanga kwenye mashindano. Nilikaa benchi la nyuma, mikono mfukoni, nikimsubiri bibi na mbuzi wake.

Mdogo wangu akatoka na kigoda. Akakaa, akatugeuzia mgongo nusu, akachungulia kulia kama anayeogopa watu wa njiani. Kisha vidole vyake vikaanza kumenya kitu ambacho hakikuwepo. Nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Mdogo wangu akirudi asikute kazi," alisema, kwa sauti yangu kabisa. "Akute chakula."

Ukumbi ukacheka. "Mwanaume anamenya ndizi!" alisema mzee mmoja mbele yangu. "Jamani, huyu ni nani?"

"Akiolewa tumpe kanga," akajibu mwenzake, na kicheko kikapanda zaidi.

Sauti ya mdogo wangu ikashuka, ikakatika. Akainua macho, akatazama nyuma ya ukumbi. Wengine walidhani amesahau. Mimi nilijua anatafuta mkono. Akiukosa, atarudi nyuma ya wenzake na hatatoka tena. Nikiuinua, hakuna atakayeuliza tena huyu ni nani.

Nikauinua. Ulikuwa mweusi hadi kwenye kucha. Vichwa vikageuka, benchi baada ya benchi, na kicheko kikafa. Naye akaendelea, polepole, bila kelele, na kila neno lilifika hadi nyuma. Wanasema alipomaliza kuna akina mama waliofuta machozi. Mimi sikuona. Nilikuwa natazama vidole vya miguu yangu.

Alichaguliwa. Njiani akaniuliza, "Kaka, ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Umekasirika?"

"Tembea. Hatujapika."

Kesho yake vijana walipita tena. "Shikamoo, mama!" Hawakupunguza hata kidogo.

Siku hizi anafundisha watoto maigizo huko Bugene, naye huwasimamisha mmoja mmoja. Amenialika mara nyingi. Sijaenda.

Pale kibanjani sina hakika kama nilipata mahali penyewe, maana maharage yanafanana. Mlango wa jiko haupo, nyumba haipo, bibi na mbuzi wake hawapo. Lakini nilijikuta nimeinua mkono. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia akanyanyuka. "Baba, unamwita nani?"

Nikasema simwiti mtu. Nikaurudisha mkono mfukoni.