Kwa Nini Baba Alifurahi?

Enzi zetu pale Isiolo, kabla watoto hawajaanza kulelewa na simu, sisi tulilelewa na vumbi, kiboko na vitabu vya Mzee Halkano. Tulicheza mpira wa matambara hadi magharibi, tukanywa maziwa ya Nyayo tuliyogawiwa bure shuleni katika pakiti za pembetatu, na jioni tukasomeana hadithi zake hadi tukazikariri.

Katika vitabu hivyo hapakuwa na shida hata ya dawa. Baba alirudi kazini na mkate kwapani. Mama alitabasamu kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, sijui mashavu yake yalikuwa ya mpira. Birika lilichemka saa zote, na mbuzi wa nyumba ile walizaa mapacha tu. Ukame haukujua njia ya kufika huko.

Mwandishi mwenyewe alikuwa jirani yetu. Ukame huohuo ulimmalizia ng'ombe, akahamia mjini, na badala ya kutafuta kazi akaketi barazani na fungu la miraa, shavu limevimba, akiandika furaha. Mkewe alivumilia hadi akachoka, akarudi kwao Sericho. Wazee walitumwa kumbembeleza. Wakarudi na jibu kwamba Halkano akitaka mke, aende akamwoe yule wa kitabuni.

Binti yao Talaso, tuliyekuwa naye darasa moja, alibaki na baba. Kila asubuhi alikuja kwetu na kigae kuomba kaa la moto, maana jikoni kwao palikuwa na jivu tu. Mama yangu alimpa kaa na chapati, kisha mtoto akiondoka, anatuambia, "Nyumba njema si mlango." Talaso hakulalamika hata siku moja. Ila lori la Sericho likisimama sokoni, aliacha mchezo akakimbia kuangalia ni nani anashuka.

Siku ya wazazi ikafika, na mgeni wa heshima akawa Mzee Halkano, kofia mpya kichwani. Mwalimu wetu Kirimi, mtu wa Meru aliyeamini kwamba furaha hufundishwa kwa kiboko, alikuwa ametukaririsha maswali ya mwisho wa hadithi. Kwa nini Baba alifurahi? Jibu lilikuwa moja: kwa sababu chai ilikuwa tayari. Ukisema chai ilikuwa tamu, unachapwa. Basi, ili kumpendeza mgeni, Mwalimu akamsimamisha binti wa mgeni huyo.

"Talaso, kwa nini Baba alifurahi?"

Talaso alimtazama baba yake. "Kwa sababu Mama amerudi."

Tulicheka wote, na wazazi pia. Mwalimu akajikuna shingo. "Wee Talaso, amerudi kutoka wapi? Kwani kwa hii hadithi Mama alikuwa ameenda mahali?" Mkono wake ukaanza kutafuta kiboko, kisha ukakumbuka kuna wageni.

Mzee Halkano akasimama. Nilidhani tutapigwa hotuba.

"Mwalimu, mpe mtoto alama yake," alisema. "Amepata. Ni mimi niliandika vibaya."

Akaketi, akavua kofia, akajifunika nayo uso. Wiki iliyofuata alipanda lori kwenda Sericho, na akarudi peke yake. Akaendelea kuandika, na watoto wa watu wakaendelea kufurahi.

Siku hizi kila kijana ni Halkano. Ananuniwa nyumbani asubuhi, adhuhuri amebandika picha kwenye simu, familia nzima meno nje, baraka tele. Ukimuuliza mbona mama hayumo pichani, anakwambia umepitwa na wakati. Nimepitwa kweli, na sioni haya. Sisi mtaani tulikuwa na mwongo mmoja, na huyo alikiri mbele ya darasa. Namkumbuka kwa huruma, na vitabu vyake bado navipenda.

Juzi nilikutana na Talaso sokoni, bibi mwenye wajukuu sasa. Tulikuwa tunawacheka hao vijana na simu zao. Lori la Sericho likasimama, naye akaniacha katikati ya neno, akageuka kutazama ni nani anashuka.