Maandishi Mekundu Ubavuni mwa Gari

Siku moja naikumbuka kuliko zote nilizoishi, mwanangu, na ninaikumbuka hivyo kwa sababu asubuhi yake nilikuwa nacheka. Juzi mlipokuja hapa Rasbura, wewe na wenzako, mkaegesha mlangoni kwangu lile gari kuukuu la wagonjwa, mkaanza kunieleza kitanda kitakaa wapi na jiko wapi, mliniona nimenyamaza mkadhani mzee amechoka. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nasoma ubavu wa gari lenu. Mliponiomba niwachoree mnazi na jua, nikawaambia mrudi baada ya siku tatu, nikaingia ndani nikalala bila kula. Mama yako mdogo ni shahidi.

Mnadhani nyinyi ndio wa kwanza kuwaza jambo hili. Wala. Nilipokuwa na miaka ishirini na saba tulinunua mnadani gari la namna hiyo hiyo, sisi watatu: Saidi aliyekuwa makenika, Twaha aliyekuwa seremala, na mimi, ambaye tangu ujana kazi yangu ni kuandika mabango ya maduka. Hatukuwa na wake bado na tulikuwa na hamu ya kutembea. Tulitaka gari la kulala humo humo, tutoke Lindi twende Kilwa, tukipapenda mahali tusimame, tupike, tulale, kesho tuendelee. Mama yangu aliuliza kama tumekosa nyumba.

Kazi ile ilituchukua miezi minne, na nikwambie kweli, ilipendeza. Saidi aliifufua injini. Twaha aling'oa machela na reli zake, akang'oa kiti cha muuguzi, akaja na kabati la mninga, refu kutoka sakafuni hadi darini, akalikaza kwa bolti pale nyuma kabisa hata likaziba mlango mmoja kati ya ile miwili. Alikuwa analionyesha kwa kila apitaye. Kwenye ndoano za kutundikia chupa za dawa tukatundika sufuria. Dada yake Twaha akatushonea mapazia ya maua. King'ora tulikitoa, tukaweka redio. Ikabaki kazi yangu mimi, nayo ni kufuta yale maandishi mekundu ya GARI LA WAGONJWA, huku na huku, na kupaka rangi mpya.

Kopo la rangi lilikuwa tayari. Lakini tulipolijaribu gari hadi Mchinga tuliona jambo. Malori yalitupisha. Penye kizuizi, mlinzi aliinua mti kabla hatujafika, wala hakuuliza tuendako. Watu wazima walisimama kando ya barabara, wakainua mikono wakamwombea dua mgonjwa wasiyemjua. Sisi ndani tulikuwa tunakula korosho. Tuliporudi Saidi akaniambia, "Bakari, hayo yaache kwanza, tutapita kama mawaziri." Nikafunga kopo nikalisukuma chini ya kiti. Simsingizii Saidi, maana brashi ilikuwa mkononi mwangu, na mimi pia nilipenda kupishwa njia.

Basi, ndiyo siku yenyewe. Tulikuwa tumelala Somanga, tukala kamba wa kukaanga mpaka tukakinai, na kulipokucha tukashika njia ya kupanda Kipatimu, kwenye vilima vya Wamatumbi, kwa kuwa Twaha alitaka machungwa ya huko. Njia ile wakati huo ilikuwa mawe na makorongo matupu. Katikati ya mlima tukakutana na pikapu iliyosheheni machungwa, inateremka. Dereva wake alijisogeza pembeni hata tairi zikaingia majanini, akatoa mkono dirishani, akatupungia kwa heshima na uso wenye shukrani. Tukampungia na sisi. "Mwingine huyo," Saidi akasema, tukacheka wote watatu. Kicheko kile, mwanangu, nakisikia mpaka leo.

Mbele kidogo tukawakuta watu kama ishirini katikati ya njia. Kitanda cha kamba kilikuwa chini, na wanawake wamekizunguka wameshika khanga juu kwa mikono yao kuwa ukuta, kama wanavyomsitiri mwenzao aliyeshikwa na uchungu. Bibi mmoja mwembamba akatujia mbio. Jina lake nilikuja kulijua baadaye, Bi Somoe, na aliyelala pale kitandani alikuwa binti yake.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, wanangu. Alhamdulillahi mmefika. Tangu jana anahangaika huyu. Tulishampakia kwenye pikapu ya machungwa, mara tukawaona nyie kule chini konani, tukamshusha. Dereva tukamwambia nenda zako baba, gari lenyewe limekuja. Haya, fungueni nyuma."

Nilipigwa na butwaa. Nilimtazama Saidi, Saidi akamtazama Twaha. Nilikuwa naiona ile pikapu ikijisogeza majanini kutupisha, na mkono wa dereva ukitupungia. Wakati sisi tumekauka hivyo, wanaume wawili walishafika nyuma, wakaufungua mlango wenyewe. Redio ilikuwa bado inaimba.

Bi Somoe alichungulia. Aliyatazama mapazia, akalitazama jiko, akazitazama sufuria pale juu. Sikumsikia akipiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia:

"Kitanda cha mgonjwa kiko wapi?"

Twaha ndiye aliyezinduka kwanza. Alichukua nyundo na spana akaanza kulivunja kabati lake, maana kwa lile kabati kitanda kisingepita, wala mtu wa kumbeba mgonjwa asingepita. Alikuwa amelikaza vizuri mno. Bolti zilikataa, akawa anapiga mbao huku machozi yanamtoka, na nyuma ya khanga tunamsikia yule dada akilia. Hadi tunamlaza ndani, jua lilikuwa limeshapanda. Tulimlaza sakafuni juu ya godoro letu la starehe, wakaingia mama yake na wanawake wawili wamshike, kwa kuwa reli za kumzuia asiteleze tulikuwa tumeziuza kwa mnunua vyuma chakavu.

Saidi aliligeuza gari kwenye ile njia nyembamba, tukashuka mlima. Mimi nilikaa mbele, nasikia kila kitu. Kabla hatujaikuta barabara kuu, kilio cha yule dada kilikoma. Nikangoja kilio cha mtoto. Nilingoja mpaka hospitalini.

Muuguzi alipoliona gari alitoka mbio na wenzake, akafungua mlango, akasimama. Halafu akatutazama sisi. Sijawahi kutazamwa vile na binadamu, na sitaki nitazamwe tena. Mama walimwokoa, Mungu ashukuriwe. Mtoto, wa kiume, hakuwahi kupumua. Muuguzi alisema wangefika mapema kidogo huenda angepona. Sikumuuliza mapema kiasi gani, kwa kuwa nilikuwa najua.

Baada ya sala ya alasiri nilimfuata Bi Somoe kwenye benchi la nje. Nilipiga magoti, nikamwambia, "Bibi, tumekosa. Tusamehe." Alikuwa anakunja na kukunjua pindo la khanga yake.

"Gari ni lenu," akasema. "Mkitaka kulala humo, laleni. Mkitaka kupika, pikeni. Kwa hilo sina neno na nyie. Yale maandishi, nani kayaandika?"

"Yalikuwepo, bibi. Ila mimi ndiye niliyeambiwa niyafute, nikayaacha."

"Mimi sikwenda shule," akasema. "Hata jina langu ukiliandika hapo silijui. Maandishi yale ndiyo pekee ninayoyajua kwa macho. Ningekuwa siyajui hata hayo, mjukuu wangu angekuwa hai."

Akaninyooshea mkono niondoke. Nilikwenda kwenye gari, nikalitoa kopo chini ya kiti, na kwa kuwa brashi nilikuwa nimeiacha nyumbani, niliyafuta kwa kiganja, pale pale uani, watu wananitazama. Hatukulala tena ndani ya gari lile. Na katika miaka yote niliyoandika mabango baada ya siku hiyo, kila nikimwandikia mtu neno juu ya mlango wake, kwanza namuuliza kama kitu hicho kweli kimo ndani.

Kwa hiyo nasaha yangu, mwanangu, ni hii. Sikukatazi gari lako. Tembeeni, bado vijana, na nchi hii ni nzuri kuitembea. Lakini ukirithi kitu ambacho watu walikitegemea, kabla hujakigeuza kiwe chako, kivue kwanza ile ahadi. Usitembee na jina la kazi usiyoifanya, hata kama jina hilo linakufungulia njia, kwa maana hujui mbele yako kuna nani ambaye ameliona kwa mbali, akaliamini, akaiachia iende pikapu iliyokuwa imeshambeba. Na ukiona unapishwa, jiulize anayekupisha anadhani umebeba nini.

Leteni gari kesho asubuhi. Mnazi na jua nitawachorea, tena kwa mapenzi. Ila maandishi yale utayafuta wewe kwa mkono wako, nami nimesimama pembeni naangalia, mpaka isibaki hata herufi moja. Kisha Mwenyezi Mungu awatangulie katika safari zenu, awarudishe salama kwa mama zenu, na kila atakayewaona njiani awaone jinsi mlivyo. Amina.