Siku Bibi Harusi Alipotoka Kutengeneza Sindano

Sisi tuliokulia mtaa wa Cheyo zamani hatukubeba muziki mfukoni. Muziki ulikuwa na nyumba yake, ukiutaka unaufuata huko. Kwetu ulikaa sebuleni, ndani ya gramafoni ambayo baba aliinunua kwa fundi mmoja wa reli aliyekuwa akihama. Tulicheza rede mpaka vumbi likatupanda nyweleni, lakini baba akiweka santuri tu, mpira wa soksi unaachwa palepale, tunakimbilia barazani na matobolwa yetu mkononi, vile viazi vitamu vya kukausha, yamepakwa asali. Hakuna aliyeambiwa anyamaze. Siku hizi namtumia kijana wimbo, ananijibu ameusikiliza "kidogo". Wimbo nao unasikilizwa kidogo?

Baba aliipenda ile mashine, ila hakuielewa. Aliyeielewa ni dada yangu mkubwa, Salma, aliyekuwa mshonaji. "Salma, leo mwimbaji ana mafua," baba alikuwa akisema, naye dada anainama, anapangusa sindano kwa unyoya wa kuku, anakaza skrubu kwa bisibisi ya cherehani, na mafua yanapona.

Kisha Salma akaposwa na watu wa Igalula. Kwa ajili ya harusi mama aliagiza kikundi cha taarabu kutoka Mwanza, akatangaza mtaa mzima. Siku yenyewe ikafika habari kwamba mvua imekata njia ya reli, na waimbaji wamekwama Bukene. Wageni walikwisha kuingia. Uani wanawake wamejaa, pilau inanukia, na mama mkwe mtarajiwa, Bi Rukia, amekaa mbele kabisa na nduguze, wanangoja kuona sisi ni watu gani.

"Toeni gramafoni," mama akasema.

Ikawekwa juu ya meza uani. Santuri ikaanza vizuri, akina mama wakasimama kucheza, na miguu ilipoanza kupiga chini, meza ikatikisika na sindano ikaruka. Mwimbaji akarudia neno moja kama mtu aliyeshikwa na kwikwi. Baba, ambaye hakuruhusiwa kuingia kwa wanawake, akapaza sauti nyuma ya pazia, "Wekeni shumni juu ya mkono wa sindano!" Tukaweka shumni, ile sarafu ya senti hamsini. Sindano ikaacha kuruka, lakini sasa ikawa inalima. Sauti ya yule mama mwimbaji ikageuka ya mzee anayekoroma. "Ongezeni nyingine!" baba akaita. Nduguze Bi Rukia wakaanza kutazamana na kufunika midomo kwa kanga. Nilimwona mama yangu ameinamisha uso, naye si mtu wa kuinamisha uso.

Salma alikuwa chumbani na somo wake, kungwi aliyekuwa akimfunda, amepakwa manjano ya dalia, haruhusiwi kuonekana. Nikaingia kumweleza, lakini alikwisha kusikia yote. Akajitupia kanga kichwani, akainuka.

"Mwali hatoki!" somo akamshika mkono. "Utatutia aibu!"

"Aibu ni hiyo inayokoroma uani, somo wangu. Niache."

Akatoka. Hakumtazama mtu. Alitoa shumni, akaniambia nichukue bisibisi na bakuli la maji, kisha akaibeba gramafoni mwenyewe mpaka kwenye dirisha, maana nyumba yetu ilikuwa ya zile za kizamani, kuta zake nene hata mtu angeweza kulala dirishani. Pale miguu ya wachezaji isingeitikisa. Akaweka bakuli juu yake, maji yakaegemea upande mmoja, akakunja kipande cha boksi akakichomeka chini mpaka maji yakatulia sawa. Kisha akazungusha kile chuma kizito cha nyuma ya mkono wa sindano, polepole, mpaka mkono ukaelea wenyewe hewani, haupandi wala haushuki. Akaurudisha kidogo tu, upate uzito wa kugusa. Mwisho akalegeza skrubu za kichwa kinachoshika sindano, akakinyoosha ili sindano iingie kwenye mfereji wa santuri bila kuegemea pembeni, akakaza.

Alishusha sindano kwa kidole kimoja. Kwanza ikaja fidla, safi kama imechanwa kwenye kitambaa kipya. Halafu sauti ya yule mama, kila neno limesimama peke yake, hata pumzi aliyovuta kabla ya kuimba tuliisikia.

Bado hakuna aliyecheza. Wote walikuwa wanamtazama Bi Rukia. Naye akainuka, akamsogelea dada yangu, akamrekebisha kanga kichwani.

"Mwanangu," akasema, "kwetu pia ipo moja. Imenuna siku nyingi. Ukifika utaitazama."

"Inshallah, mama," dada akajibu, akanirudishia bisibisi. Vigelegele vilipolipuka, baba nyuma ya pazia alidhani shumni yake ndiyo imefanya kazi.

Salma sasa ni bibi, amerudi Cheyo. Idd iliyopita mjukuu wake, Nuru, alikuja kutoka Dar na gramafoni mpya kabisa. Anasema huko kwao vijana wanazigombea. Alikuwa na kimzani kidogo cha kupimia uzito wa sindano, na video ya maelekezo kwenye simu. Dada yangu alitumia masikio. Walibishana, wakacheka, wakakuta wote wamefika kwenye uzito uleule.

Enzi zile wimbo mmoja ulitutosha mtaa mzima, na mlango haukuwa na neno. Leo kila mtu ana nyimbo elfu masikioni na geti lenye kufuli. Lakini siku hiyo ya Idd, fidla ilipotoka dirishani, watu walianza kusimama barabarani. Nuru akanyoosha mkono apunguze sauti, tusiwasumbue.

"Iache," dada yangu akamwambia. "Nenda kafungue geti."