Siku Nilipoamuru Gwaride Ligeuze Uso

Mwezi wa saba, pamba ikiwa imekwisha kuchumwa na mashina yake yakiungua mashambani, uwanja wa Mzee Luhende ulinuka dawa ya viatu. Aliketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, mguu mmoja wa kiatu cha jeshi ukiwa mkononi, akiusugua kwa kitambaa cha shati kuukuu mpaka ukawa mweusi wa kung'aa. Moshi wa mashambani ulikuja na kuondoka, lakini harufu ile ilibaki. Sisi watoto tulijua maana yake: Siku ya Mashujaa imekaribia, na kesho yake atakuja shuleni kutufundisha gwaride. Alikuwa amepigana vita vya Kagera, alikwenda na kurudi, na kwenye koti lake la kahawia alikuwa na nishani moja ambayo alituruhusu kuigusa kwa kidole kimoja tu, tena kilichooshwa.

Nilikuwa darasa la tano, na niseme bila kujificha kwamba nilikuwa bora kuliko wote. Leo nina stashahada ya maabara ya madini, nimepima dhahabu Geita kwa miaka mingi, wachimbaji na wanunuzi wamenyamaza wakingoja neno langu, na nyumba yangu ndiyo ya kwanza yenye vigae katika kijiji chetu, ambacho kiko mwendo wa asubuhi nzima kwa baiskeli kutoka Shinyanga mjini. Hayo yote sikupewa na mtu. Lakini ukiniuliza nilianza wapi kusimama wima, nitakwambia nilianzia pale uwanjani, mbele ya Mzee Luhende, nikiwa peku. Ndiye aliyenichagua mimi, msichana, niongoze gwaride, wavulana wakanuna. "Minza ana sauti," aliwaambia. "Nyie mna makelele." Alinifundisha kutoa amri kutoka tumboni, kusubiri kabla ya neno la mwisho, kutotazama nyuma nione kama wananifuata. "Ukigeuka kuwaangalia, umewaambia huwaamini," alisema.

Baba yangu, Mzee Maduhu, alikuwa kamanda wa sungusungu. Kwa asiyejua mambo yetu: wakati ule wizi wa ng'ombe ulikuwa umetuchosha, na ulinzi ulikuwa mikononi mwetu wenyewe. Ng'ombe wakiibwa hupigwa mwano, yowe linalopokewa nyumba kwa nyumba mpaka vijiji vya jirani, na kila mwanamume mwenye miguu hutoka na upinde, mkuki au rungu akafuate nyayo. Hakuna kuuliza, hakuna kumalizia chakula. Baba alikuwa mtu wa haki kwa kipimo cha siku zile. Alipopita njiani watu waliacha mazungumzo, nami nilipenda kutembea nyuma yake.

Mwaka huo mwano ulipigwa mchana, jua likiwa utosini, nasi tuko uwanjani katikati ya mazoezi. Ulianzia upande wa lambo, ukapokewa, ukaja juu yetu kama upepo. Walimu wa kiume walivua viatu vyao vya mjini wakakimbia. Baba alitokea kwenye kona ya shule na upinde wake, jasho likimtiririka, akamwona Mzee Luhende amesimama nasi.

"Luhende! Husikii?"

"Nasikia, Kamanda."

"Basi twende! Ng'ombe wa Nkwabi hawaonekani."

"Nenda. Mimi niko na watoto."

"Watoto? Mwano unalia unaniambia watoto? Wewe uliyekwenda mpaka Uganda?"

Mzee Luhende hakupandisha sauti. "Ndiyo maana. Nimekimbiza watu vya kutosha, Maduhu. Sikimbizi tena."

Baba alitema mate pembeni akaondoka mbio. Mzee Luhende alitugeukia, akanitikisia kichwa, nikatoa amri, tukaendelea. Nakumbuka miguu yetu ilivyokuwa ikipiga vumbi huku yowe likififia kuelekea magharibi, na nakumbuka nilivyoona aibu. Nilimwonea aibu yeye. Nilidhani shujaa wangu ni mwoga.

Jioni wanaume walirudi kimya. Kawaida walirudi wakiimba. Walikwenda kwanza lamboni kunawa, tena walinawa kwa muda mrefu, na mama alipompokea baba upinde hakumuuliza kitu. Kesho yake shuleni tukasikia: wamemkuta kijana mgeni katika mbuga, ana fimbo ya kuchungia, hakuweza kueleza anatoka wapi kwa namna ya kuwaridhisha, wamemuua. Siku mbili baadaye ng'ombe wa Nkwabi walionekana wakila majani kijiji cha pili. Walikuwa wamepotea tu, wakifuata maji. Walirudishwa zizini, na hakuna aliyetamka neno juu ya yule kijana. Kilichotamkwa ni habari ya Mzee Luhende.

Mkutano ulifanyika uwanja wa gulio, wanaume wameketi duara, sisi watoto nyuma ya wanawake. Baba alimsimamisha katikati.

"Siku ile ulisikia mwano?"

"Niliusikia vizuri."

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Mzima kama fahali."

Watu walicheka, baba akakunja uso. "Basi fahali huyohuyo utamtoa. Fahali mmoja, na uombe radhi mbele ya watu hawa."

"Fahali yuko zizini, mfuateni hata sasa," alijibu Mzee Luhende. "Radhi ndiyo sina. Nitawadanganya."

Kwa hiyo akatengwa. Baba ndiye aliyetamka. Mtu aliyetengwa kwetu hapewi moto wala chumvi, mashine haimsagii, ng'ombe wake hawachungwi na wa wengine, hasalimiwi, akifa hachimbiwi kaburi. Atakayevunja naye anaingia humo humo. Na katazo la namna hiyo huondolewa na yule aliyelitamka, mbele ya mkutano, baada ya radhi. Ng'wasi, binti yake Luhende, niliyekuwa nikikaa naye dawati moja, alihamia la nyuma peke yake bila mwalimu kumwambia. Nilikutana na baba yake kisimani wiki hiyo. Alisimama akaningoja, kama mzazi anavyongoja shikamoo ya mtoto. Nikainamisha kichwa, nikachota maji, nikapita. "Haya, binti kamanda," alisema nyuma yangu. "Umekuwa nguzo ya simu sasa?" Alisema kwa utani. Nilitembea haraka mpaka maji yakamwagika yakanilowesha mgongo.

Siku ya Mashujaa ikafika. Uwanja wa kata ulifagiliwa, wageni wa wilaya walikaa jukwaani, na kando ya jukwaa waliwekwa wazee waliopigana vita, wengine wamevaa kofia za sufu kwenye jua lile. Ngao, mkuki, upinde na mishale viliwekwa kwenye jiwe la kumbukumbu kama inavyofanywa kila mahali. Mzee Luhende alikuja na koti lake, nishani na viatu vinavyong'aa. Alipofika kwenye mabenchi, wenzake, watu waliokuwa handaki moja naye, walitanua magoti. Nafasi haikupatikana. Hakubishana. Alikwenda akasimama mwisho wa safu, hatua kama kumi kutoka benchi la mwisho, visigino pamoja, mikono kwenye mshono wa suruali.

Tulipita jukwaa, nikaamuru, "Kulia tazama!" Vichwa vikageuka kwa wageni, vikabaki hivyo mbele ya wazee. Benchi la mwisho likapita. Mbele yetu alibaki yeye. Nilimwona akiinua mkono kwenye paji la uso kutupigia saluti, sisi, watoto wake wa vumbi. Hakuna aliyeniambia nifanye nilichofanya. Baba hakunituma. Nilisubiri kidogo kabla ya neno la mwisho, kama alivyonifundisha, nikaitoa sauti kutoka tumboni:

"Kushoto… tazama!"

Vichwa vyote viligeuka kwa mkupuo mmoja, vikatazama upande usio na mtu, kwenye mashina ya pamba yaliyoungua. Halijawahi kuwapo gwaride lililotii namna ile. Watu walielewa mara moja. Wanawake wengine walipiga vigelegele, wanaume wakapiga makofi, na mgeni wa wilaya naye akapiga makofi, akidhani ni sehemu ya sherehe. Sikutazama nyuma. Baba alinibeba begani mpaka nyumbani akimwambia kila tuliyekutana naye, "Mmemwona huyu? Huyu ni mimi mwenyewe." Ilikuwa siku ya fahari kuliko zote nilizokuwa nimeziona, na ningependa kuandika kwamba nililia kitandani, lakini nililala vizuri.

Kabla ya wiki kwisha, Mzee Luhende aliuza ng'ombe wake kwa watu wa mbali, akaondoka na mkewe na Ng'wasi, wakahamia Nkome, ziwani, wakawa watu wa dagaa. Hakurudi tena. Nilipoanza kazi Geita nilijua yuko Nkome. Ni safari ya asubuhi moja. Nilikaa Geita miaka yote hiyo na sikwenda. Nilijiambia nina kazi nyingi, na kweli nilikuwa nazo. Alipokufa niliambiwa na mama mmoja muuza samaki, nikampa pole kana kwamba marehemu ni wa kwake.

Nimerudi nyumbani sasa, na kijiji kimenichagua mwenyekiti wa kamati ya kujenga mnara wa wapiganaji wetu. Hawakukosea, saruji natoa mimi, nondo natoa mimi, fundi nimemleta mimi. Nilipoliweka jina la Luhende kwenye orodha, wazee wakasema mtu aliyekufa ametengwa haandikwi, isipokuwa mtoto wake aje aombe radhi badala yake. Nilisimama nikasema saruji ni yangu na jina litaingia. Halafu nikapanda gari kwenda Nkome kumwambia Ng'wasi, nikiwa na uhakika atanishukuru.

Nilimkuta ufukweni akigeuza dagaa juu ya nyavu, mama mtu mzima, mgongo umeanza kupinda. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo litaandikwa kwa sababu umenunua saruji," alisema.

"Litaandikwa, Ng'wasi. Hilo ndilo muhimu."

"Na radhi?"

"Achana nao. Hutaomba radhi."

"Sikuuliza yangu." Aliendelea kugeuza dagaa. "Baba alikaa hapa akisubiri mtu mmoja aje amwambie kwamba siku ile hakukosea. Alisema atakuja Minza, ana akili yule. Usimnunulie ukuta, Mama. Mwambie baba yako aondoe neno lake."

Nimepima mawe ya watu wengi nikawaambia bila huruma kwamba hayana kitu. Siku ile nilipimwa mimi.

Baba yangu yu hai. Anaishi kwangu, macho yamepungua, ila akili inakata. Nilimweleza uani, baada ya uji, nikamwomba aitishe mkutano aliondoe katazo. Aligeuza uso pembeni. Nilidhani amekasirika.

"Luhende alikuwa askari mzuri," alisema mwishowe. "Hilo nilijua hata siku ile. Lakini fikiri, ng'wanawane, mwanangu. Nikisimama niseme Luhende hakukosa kubaki, basi sisi tuliokwenda tulikosa. Na yule kijana atakuwa ameuawa na nani? Wengi wa wale wanaume ni marehemu. Wajukuu wao ndio majirani zako."

Nilimwambia fundi asimamishe kazi. Mnara umefika kiunoni, na kila anayepita ananiuliza kama fedha zimekwisha. Mimi, ambaye sijawahi kuishiwa mbele ya watu, nawaacha waamini hivyo. Zamani neno moja la baba lilifunga milango ya kijiji kizima kabla jua halijazama. Siku hizi hakuna sungusungu wa namna ile, sheria imekataza kumtenga mtu, watoto wanajifunza gwaride kwa mwalimu kijana mwenye filimbi, na bado neno lile liko palepale, halijasogea hata hatua moja. Mwenye uwezo wa kuliondoa ni mmoja tu, naye anazeeka kila siku mbele ya macho yangu. Akienda nalo, stashahada yangu na saruji yangu havitalifikia.

Juzi asubuhi nilimpelekea uji. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, hakunywa.

"Minza," aliniita. "Yule kijana. Aliitwa nani?"

Nilimwambia sijui.

"Hata sisi hatukumuuliza," alisema baba. "Katafute, mwanangu. Siwezi kusimama mbele ya watu nikamtaja kama 'yule kijana'."